Jumamosi ya Mwisho ya Benchi la Bati

Hollis Tarpley alikuwa amebanwa. Kushoto kwake pochi ya Verlene, kubwa kama begi la safari. Kulia kwake jamaa mnene aliyekula karanga za kuchemsha na kumwangushia maganda kwenye kiatu. Mkojo ulikuwa umemshika tangu robo ya kwanza ya mechi, lakini kutoka kwenye benchi lile la bati kulitaka mstari mzima usimame, na mstari mzima haukuwa na hamu hiyo.

"Si ungeenda kabla?" alisema Verlene.

"Kabla ya nini? Mechi saa tano asubuhi! Nani kaamua watu wacheze mpira saa tano asubuhi?"

"Televisheni."

Kweli, mtu wa televisheni alikuwa katikati ya uwanja na glavu zake nyekundu, amezuia mchezo ili matangazo yapite. Vijana wa chuo, wachezaji wa mpira wa Kimarekani, mabega kama milango na kofia ngumu vichwani, walimngoja kama ng'ombe kwenye josho. Bendi ilianza wimbo wa chuo cha Pruett. Spika zikauzima kwa tangazo la malori.

Mchezo uliporudi, mrushaji wa Pruett alirusha mpira mbali, ukadakwa, uwanja ukalipuka. Hollis alibaki amekunja mikono.

"Shangilia, mzee. Ni wa kwetu huyo."

"Wa kwetu tangu lini? Mwaka jana alivaa jezi ya Harlow. Nilimzomea mtoto yule mpaka meno ya bandia yakaruka. Leo niimbe jina lake?"

"Imba taratibu, yasiruke tena."

Jamaa wa karanga alicheka mpaka akapaliwa. Hollis hakucheka.

"Na hao Harlow wako wapi? Miaka yote tumewachukia vizuri, kwa heshima, kila Novemba. Sasa wamehamia ligi nyingine kufuata pesa, sisi tunaletewa watu wa Oregon, huko mwisho wa nchi. Mtu wa Oregon mimi nimtukane nini? Sijui hata anakula nini."

"Mtukane kwa kukisia."

Kila Desemba Hollis aliapa kwamba basi, hatakanyaga tena pale. Kila Agosti alirudi, analalamika kuanzia getini. Verlene naye alirudi. Viti vile viwili vilikuwa na majina mawili, kila mtu na chake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kumwachia mwenzake.

"Shati lako limekuwaje?" Verlene alimgeukia, akamshika ukosi. "Hii ndiyo rangi ya chungwa? Limekuwa kama ulimi. Nani kalifua?"

"Mimi."

"Pamoja na nini?"

"Pamoja na kila kitu."

Verlene alitikisa kichwa, akachomoa kwenye pochi kipande cha kuku wa kukaanga na kumwekea mkononi bila kuuliza. Hollis alikula bila kushukuru. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani.

Spika zikakohoa. Mabibi na mabwana, leo ni mechi ya mwisho ya mabenchi haya. Upande wote huu utavunjwa, patajengwa vyumba vya vioo vya wafadhili wetu. Wenye viti vya msimu watapangiwa mahali papya na kompyuta, na wahudumu wetu wanapita sasa hivi kuwahoji.

Wenye benchi la bati wakazomea. Hollis alikiacha kipande cha kuku. Habari hii aliijua tangu kiangazi. Mahali hapa ndipo palipokuwa pamebaki. Pakivunjwa hapa, hakujua Jumamosi zake angezipeleka wapi.

"Zamani mtoto akija Pruett, anakaa," alisema. "Anavunjika pua hapa, anafeli hesabu hapa, anaoa hapa."

"Na wengine wanajuta hapa."

"Sikusema hivyo."

"Nimesema mimi."

"Siku hizi mtu akiona kwingine kuna majani mabichi zaidi, huyo! Anafungasha."

"Huenda alikaa na mlalamishi," alisema Verlene, akitazama uwanjani. "Asubuhi, mchana na jioni. Mtu anachoka, Hollis."

Hollis alijipangusa mafuta ya kuku kwenye suruali. Pruett walipoteza mpira, na jamaa wa karanga akaguna.

"Wewe unafurahi tu," Hollis alisema. "Watakuweka mbali na mimi, upumzike."

"Na wewe upumzike na pochi."

"Ndiyo. Nipumzike na pochi."

Lakini hakuisukuma. Goti lake lilibaki pale pale lilipobanwa.

Binti wa chuo mwenye fulana ya kung'aa alipanda ngazi na tableti mkononi, akasimama mwisho wa mstari wao, akainama ili wamsikie.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nawapangia msimu ujao. Watu wa nyumba moja tunawaweka pamoja. Wengine kompyuta inawatawanya popote, na haibadilishwi tena. Nyie ni mke na mume, sivyo?"

Hollis alifungua mdomo. Aliona binti anangoja, kidole juu ya kioo, na jamaa wa karanga naye akaacha kutafuna ili asikie.

"Mke na mume," alisema Verlene.

"Hongereni. Pamoja, basi." Kidole kikagusa kioo, na binti akapanda mstari wa juu.

Mtu wa glavu nyekundu alitoka uwanjani. Vijana wakainama tena, tayari kugongana.

"Verlene," Hollis alinong'ona binti alipokuwa mbali, "talaka yetu ina miaka kumi na tisa."

"Najua. Ukimwambia mume wangu, nakuua."