Dole la Tatu

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mke wangu Kalunde, kifua kimembana, nami nikabaki kutafuta dole la tatu. Nimehama miji mingi na kote sheria ni hiyo: kasha la dawa garini halifunguki mpaka majirani watatu wabonyeze dole gumba kwenye simu zao. Wawili walishabonyeza. Jirani yangu Nyanzobe nilimkuta anakula.

“Shemeji, bonyeza, Kalunde anakufa!”

“Siku mwanangu alipohitaji dole lako ulinijibu nini?”

“Kwamba nakula.”

“Ukamaliza?”

“Nilimaliza.”

Akamega tonge la mwisho, akanawa, akabonyeza.

Kasha likafunguka. Kalunde alikuwa ameshakufa. Mwana wa Nyanzobe ana miaka miwili kaburini. Sisi wawili bado ni majirani, na kifua changu nacho kimeanza kubana.