Muhuri wa Profesa Mvungi

Matanga yalipoanuliwa, mjane wa Profesa Mvungi alimshika mkono Tausi, mwanafunzi wa marehemu, akamwingiza katika chumba alichokuwa akisomea mumewe. Mezani ilikuwapo barua ya kumpendekeza Tausi kwa shahada ya uzamili ya uhandisi wa madaraja. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho.

“Alikuwa anakuandikia wewe alipoanguka,” mama alisema.

Tausi aliisoma. Sifa zilijaa mistari sita, kisha mwandiko ukayumba: “Kasoro yake moja ni kwamba”. Basi. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

“Mama, aliwahi kukutajia hiyo kasoro?”

“Hakunitajia, mwanangu. Ila muhuri wake huu hapa. Piga, upeleke. Angekupigia mwenyewe.”

Tausi aliupokea. Kwa miaka minne alimwona mzee yule akiwarudishia wanafunzi michoro yao bila muhuri, kisa hesabu haijafika mwisho. Daraja halina huruma, alikuwa akiwaambia.

Aliugandamiza kwenye pedi ya wino, akauinua juu ya lile neno la mwisho, na mkono ukabaki hewani mpaka wino ukaanza kukauka.