Herufi Zilizokosekana

Mhariri alikuwa akisahihisha makosa madogo madogo katika mwongozo wa kuandika programu, huku akicheka peke yake. Aliyeuandika ni mkuu wao wa kazi, mtu asiyesamehe hata nukta iliyokaa mahali pasipo pake.

"Funga mabno," alisoma, akaongeza *a*. "Jribu kwanza." Akaongeza tena.

Mara kicheko kikamkauka mdomoni. Kurasa za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Zilizoandikwa asubuhi hii zilikosa hapa na pale *a*, *s* na *w*, herufi zinazochapwa kwa mkono wa kushoto.

Akainua macho. Kwenye meza ya pili, mkuu alikuwa akichapa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala kando ya kibodi, na nzi alitembea juu ya kidole gumba bila kufukuzwa.

"Kaka," akamwita kwa sauti ya chini, "mkono huo umeanza lini kukusumbua?"

Mkuu aliushika kwa ule mzima, akauficha mapajani. "Wewe sahihisha tu, dada. Na usimwambie mtu."

Mhariri alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Simama, twende hospitali."

Mkuu akaegemea meza, akasimama. Mguu wa kushoto haukumfuata.