Waya wa Mafuta

Waya wa mafuta wa gari, ule unaovutwa na pedeli ya mwendo, ulikatika katikati ya pori. Kipande kilichobaki kilikuwa kifupi, hakikufika kwenye usukani. Ikabidi Lubasha akae juu ya madigadi avute waya kwa mkono, huku Nyamizi, mjane wa kaka yake, akiendesha. Tangu arobaini ya marehemu walikuwa hawaongei ila kwa kutukanana, na siku hiyo walikuwa wanakwenda mjini kwa hakimu, kuamuliwa gari ni la nani.

Walikwenda hivyo mpaka korongoni. Matairi yalipozama mchangani, Lubasha akauachia waya.

"Vuta, shemeji!"

"Sema kwanza gari ni la ukoo wetu."

"Huoni maji yanakuja?"

Maji mekundu yalikuwa yanateremka kutoka juu, yakisukuma vijiti.

"Nayaona. Sema."

Nyamizi alishuka. Alivua kilemba chake, akakipasua, akaunga vipande kwenye waya, kisha akaupitisha dirishani, akarudi kwenye usukani na kujizungushia kitambaa kiganjani. Lubasha alicheka mpaka injini iliponguruma. Gari liliruka kwa nguvu, naye akaporomoka chini.

Lilipanda ukingo likitetemeka. Kwenye kioo Nyamizi alimwona amesimama, maji yamemfika magotini, mkono ameuinua. Kama alikuwa anatukana au anaomba, hakuweza kusikia. Vidole vyake vilivyobana kitambaa vilikuwa vimekufa ganzi, na bado hakujua kama avilegeze gari lisimame.