Paza Sauti, Baba Mdogo

Binti wa Mhimili alisimama mlangoni, akamkagua kila mwanamume aliyeingia kuanzia viatu hadi glavu nyeupe, na kumwambia kila mmoja neno lile lile: "Zamu yako ya kusema ikifika, paza sauti."

Fundi saa aliingia wa mwisho. Kwapani alibana aproni nyeupe ya ngozi, ameifunga kwenye gazeti. Ndiyo desturi ya chama chao cha siri, cha Wamasoni: ndugu akifa, aproni yake hulazwa kifuani pake, na anayeilaza ni yule ambaye marehemu alimwingiza chamani. Mhimili ndiye aliyemwingiza yeye, enzi zile akiwa kijana wa kufungua saa za watu kwenye kibaraza cha kuazima, hana mbele wala nyuma. Hakuwahi kumwambia asante. Kila alipotaka, aliona haya, akaishia kufanya mzaha. Leo alitaka jambo moja tu: auone uso ule kabla haujafunikwa, alitoe neno lake.

"Yuko wapi, mwanangu?"

"Ndani."

"Niruhusu nimwone. Nina neno lake."

"Baada ya wote kusema, baba mdogo. Baba hapendi kuingiliwa na mtu mmoja mmoja."

Hapendi. Fundi saa alimhurumia. Wafiwa ndivyo walivyo. Ulimi huchelewa kupata habari.

Sebule ilikuwa safi mno kwa nyumba ya msiba. Hakuna jirani, hakuna kilio. Hilo halikumshangaza. Mtaa mzima uliamini kwamba Wamasoni hunywa damu, na watu walipita upande wa pili wa barabara. Laiti wangejua! Kwenye ukumbi wa chama walikunywa chai iliyopoa na kubishana ni nani atengeneze feni.

Mhimili hakuonekana tena ukumbini tangu alipopooza, mvua za mwaka juzi. Kila mkutano mtu aliuliza, "Jamani, tunakwenda lini kumwona?" Na kila mkutano walikubaliana kwamba waende wote pamoja, kwa heshima inayomstahili. Siku ya wote kuwa na nafasi haikupatikana. Ya msiba ilipatikana mara moja: binti alipiga simu asubuhi, na kufika adhuhuri viti havikutosha.

Binti alipita katikati yao na beseni la maji ya vuguvugu, taulo begani, akaingia chumba cha ndani. Mlango aliurudisha bila kuufunga.

"Anamwosha mwenyewe?" ndugu mmoja, muuza vioo, alinong'ona.

"Kwani ana nani mwingine?" fundi saa akamjibu, kisha akatamani asingesema.

Mkuu wa chama, daktari wa meno mwenye sauti ya kubembeleza, alisimama. "Ndugu yetu alikuwa nguzo ya..."

"Husikiki!" binti akaita kutoka ndani.

Mkuu akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya jukwaani. Baada yake wengine walipata moyo. Mmoja alikumbuka mawaridi ambayo Mhimili aliyapanda kwenye makopo ya rangi na kuyasemesha kama wajukuu. Mwingine alikumbuka alivyokuwa akisikiliza mpira redioni, akimtukana mwamuzi hadi koo linakauka, kisha akimwombea dua.

"Mimi sitasema uongo," muuza vioo akasema. "Alikuwa mwizi wa drafti! Ukigeuka kupiga chafya tu, kete yako imehama. Ukimuuliza, anakwambia, labda imechoka kukaa."

Wakaangua kicheko, kile cha watu wazima kinachoishia machoni. Kilipotulia, ndani ilisikika sauti ndogo, kama kiti kinachokokotwa. Binti akatoka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Endeleeni. Mnafanya vizuri."

Zamu ya fundi saa ilipofika, aliinuka na aproni yake. "Mimi langu," alisema, "nitamwambia mwenyewe. Uso kwa uso."

"Haya," binti akasema.

Wakasimama kufunga ibada. Ndugu akiondoka, Wamasoni hushikana mikono kwa mduara na kuacha pengo la mtu mmoja, mahali pake.

"Pengo lielekee huku," binti alisema, akionyesha mlango wa chumbani.

Wakazunguka taratibu, wakikanyagana viatu, mpaka akaridhika. Mkuu akaapa kwa niaba ya wote: kama Mhimili angepewa hata saa moja zaidi ya uhai, hakuna ndugu hapa ambaye asingekuja kuketi kando ya kitanda chake.

Binti akausukuma mlango.

Mhimili alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amenyolewa ndevu upya, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Mdomo ulikuwa umepinda upande. Macho yalikuwa wazi, yamejaa machozi, yakipita juu ya nyuso zao moja baada ya nyingine. Mkono wake mmoja ukanyanyuka juu ya shuka, ukawanyookea, ukabaki hewani.

Mkuu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia mkono wa mwenzake. "Umetuzulia kifo," alisema, na sasa hakuhitaji kuambiwa apaze sauti. "Umewadhalilisha baba zako wadogo. Omba radhi!"

Fundi saa aliificha aproni nyuma ya mgongo, neno lake bado halijasemwa. Aligundua kwamba miguu yake ilikuwa imeshageukia mlango wa nje.

"Akiwa hai hamji," binti alisema. "Siombi radhi, ng'o!"