Mlezi Bora wa Kliniki

Naungama kabla hamjaniumbua: mimi muuguzi ndiye niliyempa yule bibi cheti cha Mlezi Bora, tena na picha tukapiga.

Mjukuu wake, wa miaka minane, walimwita Pono kwa ule usingizi wake. Mama yake alipata kazi mji mwingine, akawa analala chumba kimoja na mwenzake asiyetaka hata kusikia habari za godoro lililolowa. Wakapatana: Pono akimaliza siku kumi na nne mfululizo bila kukojoa kitandani, mama anakuja kumchukua.

Nikawapa kifaa. Kitambaa chenye nyaya unakitandika chini ya shuka. Kikipata unyevu king'ora kinalia, mtoto anaamka, anakwenda kumalizia chooni. Taratibu mwili unajifunza.

King'ora kikafunza nyumba nzima isipokuwa Pono. Kikilia tu, mpangaji fundi cherehani huyo mbio chooni. Mpangaji kinyozi nyuma yake. Foleni imejaa, mgonjwa anakoroma.

"Na bibi?" niliuliza.

"Bibi huwa wa kwanza," Pono alisema. "Nikifumbua macho tu, huyo hapo, na viatu kashavaa."

Ndipo nikaandika cheti. Kumkabidhi ilibidi nipige kelele mpaka wodi ya pili wakapiga makofi, maana masikio ya bibi yalishastaafu.

"HONGERA, BIBI!"

"Usinong'one, mwanangu. Sema kama mtu aliyekula."

Ila maendeleo yalikuwa ya ajabu. Siku kumi na tatu kavu, ya kumi na nne king'ora. Tukaanza upya: kumi na tatu kavu, king'ora. Mara ya tatu vilevile. Nikabadilisha betri, nikabadilisha nyaya, nikampigia Pono marufuku chai ya jioni. Wapi!

Mwishowe mama mtu akaja mwenyewe kliniki, kamshika Pono mkono, bibi nyuma yao.

"Dada muuguzi, hebu niambie. Kibofu gani hicho kinachojua kuhesabu mpaka kumi na tatu?"

"Kifaa kitakuwa kibovu," nikasema. Nikakitandika kwenye kitanda cha wagonjwa, shuka juu, nikamwagia glasi ya maji.

Kikalia mpaka daktari wa meno akatoka chumba cha pili na koleo mkononi. Mama mtu akaziba masikio. Pono akaigusa shuka, akatabasamu.

"Ndivyo inavyokuwaga! Baridi hivihivi."

Bibi alikuwa amekaa hatua moja kutoka king'ora, anatunga uzi kwenye sindano ashone kifungo cha gauni la Pono. Hata kope haikumcheza.

Nikazima. Mama mtu akapiga magoti, akaweka mdomo kabisa kwenye sikio la mama yake.

"Mama, nakuomba, niache nimchukue mwanangu."

Bibi akainua sindano kwenye mwanga, akaendelea kulitafuta tundu.