Likizo ya Kuku

Zamani, sheria za kazi zilipokuwa bado ngeni porini, Kuku alikuwa kibarua wa Kicheche. Kazi yake ilikuwa kumchakuria mchwa tangu alfajiri. Alipotaga, akaenda kuomba likizo ya kuatamia.

"Bosi, sheria inaniruhusu."

"Ni haki yako, mama!" akasema Kicheche. "Katulie mpaka vifaranga watoke."

Kuku akaushangaa wema ule. Kesho yake akatoka kidogo kunywa maji, kama afanyavyo kuku yeyote anayeatamia. Aliporudi, kiota kilikuwa kitupu, na Kicheche amesimama kando akijilamba midomo.

"Likizo ni ya mwenye mayai," akasema. "Yako yako wapi? Haya, kazini!"

Kuku akakimbilia kwa Kakakuona, mkaguzi wa kazi, akamweleza huku analia. Kakakuona alisikiliza vizuri mpaka lilipotajwa jina la Kicheche. Hapo akajiviringa kama mpira, asitoe hata pua.

Kuku akarudi kuchakura. Siku hizi hutaga palepale kazini, wala haombi kitu. Kicheche humfuata nyuma akila, na wageni wakija huwatambia: "Kwangu hapa, hakuna kuku aliyewahi kunyimwa likizo."